Lazima niokoke ndipo nisirudi kwenye pombe?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kiboriloni hapa Moshi, nyumbani kwetu ni Kibosho. Nina miaka 43. Nimeacha pombe, leo ni miezi 11. Niliacha baada ya kuanguka na pikipiki usiku nikitoka grosari. Nililazwa wiki mbili, nikaamua basi. Sikwenda kwa mchungaji wala kwa mganga. Sasa nina matatizo mawili. Mwezi uliopita tulipeleka mahari ya mdogo wangu, baba yangu mdogo akanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbele ya wazee. Nikamwambia situmii. Akaniuliza, umeokoka? Nikasema hapana. Uko kwenye dozi? Nikasema hapana. Akasema basi unatudharau, na tangu siku hiyo hanisemeshi. Upande wa pili yupo dada yangu, ameokoka. Kila Alhamisi anakuja kwangu na wapendwa wenzake bila taarifa, wananiwekea mikono, wanasema nimejikaza kwa nguvu za mwili tu, pepo likirudi litakuja na wenzake saba. Wanataka nitoe ushuhuda kwenye mkutano wao. Mimi ni Mkatoliki, kusali nasali lakini si wa kila wiki. Kwa wanywaji naonekana msaliti, kwa walokole naonekana nusu mtu. Je, ni kweli mtu hadumu bila kuokoka? Niwaambie nini hawa bila kuvunja undugu? Na Desemba niende nyumbani au nibaki mjini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza pokea pongezi zangu kwa hiyo miezi 11. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika kwamba kuna mtu amekupongeza. Baba mdogo amekuuliza sababu, dada amekuambia haitoshi. Mimi nimekaa na watu wanaoacha pombe kwa miaka mingi hapa Moshi, najua miezi 11 ina Jumamosi ngapi ndani yake, na najua saa kumi na mbili jioni inavyokuwa mtu akifunga karakana na miguu inataka kupita njia ileile ya zamani. Hongera sana.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja. Si kweli. Watu wanaacha pombe na kudumu wakiwa wameokoka, wakiwa Waislamu, wakiwa Wakatoliki wa Pasaka na Krismasi, na wakiwa hawana dini kabisa. Na wapo wanaorudi kwenye pombe wakiwa katika makundi hayo yote. Nakuambia hivi nikiwa mtu wa kanisa. Mimi ni Mlutheri, nimepata kipaimara, Jumapili nikikosa ibada wiki yangu haikai sawa. Sina ugomvi na imani ya dada yako. Nina ugomvi na kule kukuambia kwamba kazi uliyoifanya kwa miezi 11 si yako na haina thamani mpaka wao waipige muhuri.

Ngoja nikupe historia kidogo, maana itakusaidia kumjibu. Chama kinachojulikana kuliko vyote duniani cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, wote wawili pombe ikiwa imewamaliza. Walikuwa wamepita katika kundi la Kikristo lililoitwa Oxford Group, ambako watu walikiri makosa yao mbele ya wenzao. Kwa hiyo mizizi yake ni ya kidini, hilo halifichiki. Lakini walipokaa kuandika hatua zao 12 za kuacha pombe, zilizochapishwa katika kitabu mwaka 1939, miongoni mwao walikuwamo watu wasioamini, na hao walisimama wakasema kitabu kikihubiri kitawafukuza wagonjwa mlangoni. Ndiyo maana katika hatua hizo Mungu anatajwa kwa maneno ya "kama tulivyomfahamu sisi". Baadaye wakaweka sharti moja tu la kuingia: nia ya kuacha kunywa. Hawakuuliza dhehebu wala kama umeokoka. Tena wapo waliotaka hata hayo machache yaondolewe. Njia nyingine, SMART Recovery, ilianza mwaka 1994 na haimtaji Mungu kabisa. Inafundisha mtu kuitambua hamu inapokuja na namna ya kuivuka.

Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 kuangalia kama njia hii ya hatua 12 inafanya kazi. Waligundua kwamba inafanya kazi, na kwa kudumu bila pombe kabisa inazishinda kidogo tiba nyingine za mazungumzo. Dada yako akisikia hapo atasema "umeona!" Lakini katika tafiti zilizochunguza nini hasa kinachomsaidia mtu, jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi ni mabadiliko ya watu anaokaa nao. Marafiki wa pombe wanapungua, wasiokunywa wanaongezeka, na anapata kujiamini kwamba anaweza kupita mahali penye pombe asinywe. Kukua kiroho kunawasaidia baadhi yao, hasa wale ambao pombe ilikuwa imewashika sana. Si wote.

Ukilitazama jambo hili kwa haki, utaona kanisa la dada yako lina kitu cha kweli mkononi. Linampa mtu mahali pa kwenda Jumamosi jioni ambapo hakuna glasi. Linampa watu wanaojua jina lake na wanaouliza akikosekana. Wanaume wangapi hapa mjini wana mahali pa namna hiyo zaidi ya baa? Nimewaona walioponea huko, na sitakubali mtu awacheke. Kosa linaanza pale wanapochukua mlango uliowapitisha wao na kusema nyumba haina mlango mwingine.

Sasa turudi kwa baba mdogo, kwa sababu maswali yake mawili yameniumiza na kunifundisha. Umeokoka? Uko kwenye dozi? Kila mtu asiyekunywa hapa kwetu ameulizwa hivyo, na mwanamke huongezewa la tatu, kama ana mimba. Ukijibu ndiyo kwa mojawapo unaachwa kwa amani, unaletewa soda. Ukijibu "sitaki tu", meza nzima inakaa kimya. Maana yake ni kwamba tumekubali mtu asinywe ikiwa mchungaji, shehe au daktari amemkataza. Yeye mwenyewe akijikataza, tunaona dharau. Na hapo, mdogo wangu, baba mdogo na dada yako wanaimba wimbo mmoja. Wote wawili wanatafuta mdhamini wa hapana yako. Mmoja anakasirika kwamba huna, mwingine anakuja kila Alhamisi kukupa wake.

Hapana yako haihitaji mdhamini. Hiyo ndiyo sehemu ya jibu langu ninayotaka uishike kuliko zote.

Lakini usimhesabu baba mdogo kama adui. Mbege kwetu si bia ya dukani. Ndizi zimeiva, zimechemshwa, zimekaa siku kadhaa, ulezi umeoteshwa ukasagwa, gome la msesewe limetia uchungu wake. Mama mmoja amefanya kazi wiki nzima ili wazee wapate kukaa pamoja. Mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya watu waone ni salama, kisha kata inapita mkono kwa mkono, watu wanakunywea chombo kimoja. Mahari yanaongelewa juu yake, mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, inapatanishwa juu yake, marehemu wanakumbukwa juu yake. Mzee akikupa kata mbele ya ukoo anasema wewe ni wetu. Ukisema "situmii" papo hapo, mbele ya wakwe, yeye anasikia "mimi si wenu". Hakusikia habari ya pikipiki yako, wala ya zile wiki mbili hospitali.

Kwa hiyo kosa lako, kama tukiliita kosa, ni la mahali na wakati tu. Mfuate nyumbani kwake asubuhi siku isiyo na shughuli. Nenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Kama unaona jambo limekuwa zito, chukua na jani la isale, maana unajua mzee wa Kichagga akiletewa isale anaombwa msamaha na si rahisi kuukataa. Omba msamaha kwa namna ulivyomjibu mbele ya watu. Usiombe msamaha kwa kutokunywa. Hivyo ni vitu viwili, na ukivichanganya siku hiyo atakupa kata kuonyesha kwamba amekusamehe, na utakuwa umejifunga mwenyewe. Mwambie: "Baba, kata yako naiheshimu. Pombe ilitaka kuniua, nami nataka kuzeeka hapa pamoja nanyi. Nipe kazi nyingine kwenye shughuli zetu." Maneno yawe machache. Akiuliza tena kama umeokoka, mjibu tu, "Hapana baba, nimeacha."

Hiyo kazi nyingine naisema kwa makusudi. Katika shughuli zetu mtu aliyeshika kisu hasumbuliwi. Anayechinja mbuzi, anayesimama kwenye moto, anayegawa nyama na kuhakikisha kila mzee amepata sehemu yake kwa heshima, huyo yuko katikati ya ukoo na mikono yake imejaa. Nimewashauri wanaume wengi hivi na wengi wao wameniambia kwamba kufikia shughuli ya pili hakuna aliyeuliza tena. Kata ikikufikia, ipokee kwa mikono miwili, shukuru, mpe aliye pembeni yako. Jambo moja tu lijaribu kwanza moyoni mwako: kama harufu ya mbege bado inakuamshia hamu mpaka mate yanajaa mdomoni, usiishike hiyo kata. Mwombe baba mdogo airuke zamu yako.

Na akisema mila haijui mtu asiyekunywa, mkumbushe kwa upole kwamba tuna Wachagga Waislamu, Machame wako wengi, na wanaoa, wanaoza, wanapokea mahari, na wanagawiwa vihamba. Soda yao inaletwa bila mtu kununa. Mila inajua kabisa kumkalisha asiyekunywa. Haijazoea tu kumkalisha asiye na dini ya kumkataza.

Wapo watakaokuambia kimoja hakiui. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 pombe imo katika orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Lakini usiingie kwenye mjadala huo mezani. Ukianza kutoa hoja, unawafanya wanaokunywa wajitetee, na mtu anayejitetea anamimina zaidi. Tena usije ukawa wewe ndiye wa kuhubiri. Nimewaona walioacha pombe wakageuka mahakimu wa vijiwe, na hawadumu.

Upande wa dada yako una mambo ambayo yananitia hofu zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Hilo la pepo na wenzake saba linatoka kwenye Injili ya Mathayo sura ya 12, nalo ni neno zito kwa anayeamini. Likitumiwa vibaya linafanya jambo baya. Katika mwaka wa kwanza wa kuacha, kuteleza ni kitu cha kawaida sana. Mtu aliyefundishwa kwamba kuteleza kunawezekana, akinywa Jumamosi anapiga simu Jumapili, tunakaa, tunatafuta kilichotokea, anaendelea. Mtu aliyeambiwa kwamba akiteleza mapepo saba yamemwingia, akinywa Jumamosi anajificha. Na akishajificha, hana sababu ya kuacha kunywa Jumapili.

Ushuhuda nao una mtego wake. Najua desturi hii ya ushuhuda inakotoka. Miaka ya 1930, Uamsho wa Kikristo ulipoanzia Gahini huko Rwanda na kuenea Uganda, Tanganyika na Kenya, watu walisimama hadharani wakataja dhambi zao kwa majina, pombe ikiwa mojawapo, na wengi walibadilika kweli. Ni miaka ileile Wilson na Smith walikuwa wakifanya kitu kinachofanana nacho upande wa pili wa dunia. Kusema ukweli wako mbele ya watu kuna nguvu. Lakini nakusimulia nilichokifanya mimi. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilimshawishi kijana mmoja, miezi minne bila pombe, asimame mbele ya umati aseme alivyoacha. Nilijivuna naye. Alipigiwa makofi, akapewa kipaza sauti tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwezi wa sita akanywa. Aliona aibu ya kuonekana mwongo mbele ya mji mzima, akanikwepa miaka miwili, akinikuta Double Road anavuka barabara. Aliporudi kwangu macho yalikuwa yamekuwa ya njano. Kosa lile lilikuwa langu, na tangu hapo simwombi mtu asimulie hadharani kwa faida ya kundi langu. Habari yako ni ya kwako. Ukija kutaka kuitoa siku moja, itoe kwa aliye shimoni anayekuuliza ulitokaje. Usiitoe kwa sababu mkutano unahitaji ushuhuda.

La mwisho kwa upande huu halikuhusu wewe leo, lakini kwa kuwa umeacha, watu watakufuata wakikuletea kaka zao, kwa hiyo lijue. Mtu anayekunywa sana kila siku, anayezimua asubuhi ndipo mikono itulie, asikatishwe ghafla na kufungiwa chumbani aombewe kwa mfungo. Pombe inatuliza ubongo, na ubongo kwa kujitetea unaongeza kasi yake. Ni kama pikipiki iliyobanwa breki huku mafuta yakivutwa. Ukiachia breki mara moja inaruka. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya chupa ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, hupata homa, huona wadudu ukutani na watu ambao hawapo. Mitaani wanaiita arosto. Mtu anayekemea pepo akiona hivyo anaongeza maombi, huku mgonjwa anaweza kufa mikononi mwake. Inatibika hospitali kwa dawa za kutuliza ubongo na vitamini B1. Hospitali za KCMC na Mawenzi hapa Moshi zote zina huduma ya afya ya akili. KCMC ilifika mahali ambapo wauguzi walizungumza kuhusu pombe na watu waliofika na majeraha ya ajali, kama wewe, katika mpango ulioitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu aombewe akiwa kitandani hospitali, hakuna anayezuia.

Basi umwambie nini dada? Mwite peke yake, bila wapendwa. Usimjadili imani, maana hapo atakushinda kwa mistari na wewe utamshinda kwa hasira. Mwambie unajua anakupenda na kwamba alikuwa akilia ulipokuwa unalewa. Kisha mwambie: "Dada, maombi yako nayapokea, niombee ukiwa kwako. Nyumbani kwangu usije na watu bila kuniambia, na mikono wasiniwekee bila mimi kuomba." Kama ni mtu wa Maandiko, Yesu mwenyewe katika Mathayo sura ya 6 anafundisha kusali chumbani mlango ukiwa umefungwa. Waislamu nao husema hakuna kulazimishana katika dini. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, imeacha jambo la kuamini kuwa hiari ya kila mtu. Hilo la Katiba usimtajie, ni dada yako. Nimelisema ili ujue kwamba kukataa kwako hakuna utovu wa adabu wowote.

Halafu mpe kitu cha kufanya, kwa sababu upendo usio na kazi ndio unaogeuka kuwa kero. Umeniambia Alhamisi anakuja na kundi. Mwombe aje Jumamosi saa kumi na mbili jioni, peke yake au na watoto, mpike mtori, mkae mpaka saa tatu. Hizo ndizo saa zako ngumu. Saa tatu za dada yako mezani zitakulinda kuliko mikono kumi kichwani. Akikataa kwa sababu hakuna maombi ndani yake, usimlaumu, mtafute mtu mwingine wa saa hizo. Kutokuwa na mdhamini hakumaanishi ukae peke yako, na katika barua yako sikuona rafiki hata mmoja asiyekunywa. Hilo linanipa wasiwasi kuliko baba mdogo na dada kwa pamoja. Tafuta hata mmoja kabla ya Desemba.

Nayo Desemba, nenda. Ukibaki mjini wakati mji umehama wote kwenda vijijini, utakaa peke yako na jirani wa pekee atakuwa muuza baa. Panda Kibosho tarehe 24 asubuhi, uwahi kabla moto wa mbuzi haujawashwa ili kazi uichukue wewe. Nenda na kreti yako ya soda, igawe kwa watoto na kwa mama wajawazito, na chupa yako ishike mkononi muda wote. Usipande gari la mtu anayekunywa, maana utakwama kule mpaka yeye amalize. Nenda na pikipiki yako, funguo kaa nazo mfukoni, na mke wako, kama unaye, ajue kwamba ukisema "twende" hakuna kuuliza kwa nini.